Bunduki Inayotazama

Taarifa ilikuwa fupi, imeandikwa na koplo mwenye haraka, na Inspekta Kalunde aliisoma mara tatu akiwa wima. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili kicheko kikamwisha. Mara ya tatu alilitupa faili mezani hadi kalamu zikaanguka.

"Hared, hebu nisomee mstari wa nne."

Konstebo Hared, kijana mrefu wa Garissa aliyekuja naye kutoka Kitui kusaidia kesi hii, aliliokota faili akasoma kwa sauti. "'Jumamosi nilimwona mkwe wangu Muthama sebuleni kwake, akicheza gemu ya bunduki kwa televisheni, tangu saa nane mpaka saa kumi. Hakutoka.' Halafu kuna alama ya kidole gumba. Ni ya Mbinya, mama wa marehemu." Akainua uso. "Iko sawa, Afande. Ndiyo ilimtoa Muthama kwa orodha ya washukiwa."

"Nani aliandika hii?"

"Koplo wa zamu. Amehamishiwa huku mwezi jana. Hata kuomba maji ya kunywa kwa Kikamba hajui."

"Basi ndiyo hiyo!" Kalunde alipiga meza. "Hared, kwenu sijui, lakini kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa bintiye. Hata njiani wakiona wanakutana, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Sasa huyu mama ana miaka sabini, halafu eti alikaa akimwangalia mkwewe masaa mawili? Hawezi! Afadhali afe."

Hared alifunga faili polepole. Kama mama hakuona, basi hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwona Muthama Jumamosi ile.

Na Jumamosi ile haikuwa ya mchezo. Nzioka, mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo sokoni Kathonzweni, alikutwa saa kumi jioni amelala kifudifudi katika stoo yake, risasi moja ya bastola ikiwa imempata kisogoni. Bastola haikupatikana. Kesho yake asubuhi polisi walimkamata mdogo wake, Mulei, kwa sababu wiki mbili kabla wawili hao walikuwa wametukanana mbele ya soko zima juu ya shamba la marehemu baba yao, lile la kando ya barabara kuu kule Kiboko, na Mulei alikuwa amesema, "Nitakumaliza." Alipoulizwa alikuwa wapi Jumamosi, alisema alikuwa akipalilia ndengu peke yake. Nani aliyekuona? Hakuna. Sasa ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Mulei angepelekwa Machakos kusomewa shtaka la mauaji, na mwaka huo wa elfu moja mia tisa tisini na tatu kila mtu alijua shtaka hilo linaishia wapi. Kwenye kamba.

"Chukua kofia," Kalunde alisema. "Twende kwa mama."

Nyumba ya Muthama ilitenganishwa na stoo ya Nzioka na ua wa minyaa tu. Palikuwa na nyumba kubwa ya bati yenye mlango mmoja wa kutokea uani, na ng'ambo ya ua, hatua kama ishirini hivi, jiko la matofali. Mama Mbinya alikuwa akiishi humo jikoni tangu mwezi uliopita, upepo ulipong'oa paa la nyumba yake. Walimkuta ameketi kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, akichambua mahindi. Mazishi ya Nzioka yalipangwa kuwa kesho, na macho ya mama yalikuwa yamevimba.

Kalunde alichuchumaa mbele yake, akamwamkia kwa Kikamba, akimwita mwaitu, yaani mama, akampa pole. Kisha akasema, "Mwaitu, karatasi ya polisi inasema ulimwona mkwe wako."

"Kuona?" Mama aliweka ungo chini. "Aiya! Kuona aje? Mimi niingie mahali mtoto wa watu amekaa? Huyo askari aliniuliza, 'Muthama alikuwako?' Nikamwambia alikuwako, alikuwa anapiga ile mashine yake. Nilisikia."

"Ulisikia tu."

"Nilisikia toka saa nane. Pa! Pa! Pa! Mpaka kichwa kikauma."

"Pengine alitoka kidogo akarudi, wewe hukumwona."

"Hapana, mwiitu wakwa, binti yangu." Mama alitikisa kichwa, na hapo alikuwa na uhakika wa mtu anayejua nyumba yake. "Akitaka kupita uani lazima akohoe, ndio mimi nigeuke nisimwone. Hajawahi kupita bila kukohoa, hata usiku akienda choo. Jumamosi hakukohoa. Basi hakutoka."

Hared alimtupia Kalunde jicho. Kalunde aliutazama mlango. Alikuwa akifikiria jambo dogo sana ambalo koplo asingeweza kulifikiria, kwamba mtu anayekwenda kuua hana haja ya kukohoa. Mwanamke aliyeupa mlango mgongo, masikio yake yakingoja kikohozi, angepitwa na jeshi zima.

"Hiyo mashine," Kalunde aliuliza, "inalia kama bunduki ya kweli?"

"Inalia kama mtoto anapiga sufuria. Lakini Jumamosi kuna moja ililia nzito." Mama alifuta pua kwa pindo la leso. "Nikasema moyoni, leo huyu ameongeza sauti."

 Hared alivua kofia. Kalunde alielewa alichokuwa akiambiwa, na alijua mama mwenyewe hajaelewa. Huyu mwanamke alisikia mwanawe akiuawa, akakasirikia kelele.

"Ilikuwa saa ngapi, mwaitu?"

"Ng'ombe wa Mzee Mutiso walikuwa wanapita kwenda kunywa maji. Saa tisa."

"Na baada ya hiyo nzito, mashine ilinyamaza?"

"Haikunyamaza hata kidogo. Iliendelea tu, pa, pa, pa."

Walipotoka uani, Hared alikuwa amekunja uso. "Afande, hiyo inamsaidia Muthama. Kama mashine ilikuwa inapigwa wakati risasi inalia, hangekuwa pande mbili."

"Isipokuwa ni kaseti," Kalunde alisema. "Unarekodi milio, unaweka redio-kaseti mezani, unaongeza sauti, unaenda zako kuua. Nyumba inalia peke yake."

Hared aliguna kwa kuridhika. Dakika kumi nzima wote wawili waliamini wameshika mkia wa kesi hii.

Kibanda cha Nzuki, fundi wa redio, kilikuwa kimeegemea ukuta wa kinu cha posho. Nzuki alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Ndiye aliyeiunganisha mashine ya Muthama na betri ya gari, maana stima ilikuwa haijafika kwao, na ndiye aliyekuwa akiichaji betri hiyo.

"Kaseti?" Nzuki alicheka hadi akashika mbavu. "Inspekta, umenifurahisha. Redio-kaseti ya Muthama iko hapa!" Alinyosha mkono chini ya meza akaitoa, tumbo wazi, nyaya nje. "Iko hapa wiki tatu. Mkanda wake wa ndani umekatika na hajanilipa nimnunulie mwingine. Na jambo la pili, nilimchajia betri Ijumaa, ikajaa pomoni. Jumamosi jioni mkewe, Muthoki, akairudisha imekauka, hata balbu haiwashi, nikaichaji tena. Televisheni ndiyo hula betri hivyo. Hiyo ilifanya kazi kweli."

Kalunde alikaa kwenye kreti ya soda. Kaseti ikafa pale pale, ikiwa bado mbichi.

"Haya, nifundishe," alisema. "Nione hiyo mashine inavyofanya kazi. Ile bunduki ya gemu inatoa nini mpaka ndege wa kwenye kioo anaanguka?"

"Hapo ndipo watu wote wanakosea!" Nzuki alifurahi, akavuta kiti. "Haitoi kitu. Bunduki hiyo ni jicho. Ukivuta triga, kioo chote kinaingia giza, haraka hata huoni vizuri, halafu pale ndege alipokuwa panawaka kisanduku cheupe. Kama mdomo wa bunduki umeona ule weupe, umempata. Kama umeona giza, umekosa, na ndege anageuka anakuzomea. Kwe-kwe-kwe-kwe! Kwa hivyo bunduki hailengi, Inspekta, inatazama."

"Inaweza kujipiga yenyewe? Mtu aifunge kwa kamba?"

"Haiwezi. Kila risasi unavuta triga, unaachilia, unavuta tena. Na ukikosa sana gemu inakwisha, inanyamaza mpaka uianzishe upya. Ikilia masaa mawili, kuna mtu alikaa pale masaa mawili."

Hared alipumua kwa nguvu. Kalunde aliinuka, akashukuru, akapiga hatua mbili, kisha akarudi.

"Mtu anaweza kuiibia hiyo mashine? Apate kila ndege?"

"Ee, wapo wezi wa hiyo. Unasogea mpaka mdomo wa bunduki unagusa kioo, unamfuata ndege kwa karibu. Hapo hata nyanya yangu hakosi. Lakini mwanamume hachezi hivyo, watu watamcheka."

Njiani Hared alitoa daftari lake. Asubuhi alikuwa amezungumza na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Muthoki, bintiye Mama Mbinya na mkewe Muthama, alikuwa ameandikisha kwamba Jumamosi alikuwa kwenye mkutano wao tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Mwenyekiti alikuwa na maelezo yake. "Anasema Muthoki aliomba sala ya kufungua, akasema kichwa kinamuuma, akatoka kabla ya saa nane. Alirudi saa kumi na moja kuchukua sufuria yake."

Kalunde alisimama katikati ya barabara, na mwenye baiskeli akampigia kengele kwa hasira.

"Hapana," alisema. "Hapana, Hared. Nzioka ni ndugu yake wa tumbo moja."

"Mimi nimesoma tu kilichoandikwa, Afande."

"Shamba la Kiboko. Baba yao aliwaachia watoto watatu. Nzioka akienda kaburini, Mulei akienda kwa kamba, shamba linabaki kwa nani?"

Hared alirudisha daftari mfukoni. Wote wawili walijua kuhesabu mpaka tatu.

Muthama aliwapokea kwa adabu zote. Alikuwa karani wa stoo katika kituo cha utafiti kule Kiboko, mtu wa shati lililopigwa pasi, aliyerudi nyumbani kila Ijumaa jioni. Wiki hii alikuwa amepewa ruhusa ya msiba. Mashine aliinunua kwa dereva wa lori aliyesimama Kiboko kunywa chai. Televisheni ilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye milango, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kioo chake palibandikwa ile karatasi ya plastiki ya rangi tatu, buluu juu, kijani chini, ya kuifanya televisheni isiyo na rangi ionekane ina rangi.

Kalunde aliinama akaitazama ile plastiki kwa muda. Katikati yake palikuwa na alama za mikwaruzo ya duara, ndogo, nyingi, zimepandana. Aliichukua bunduki ya plastiki, akaulinganisha mdomo wake na duara moja. Zililingana sawasawa.

"Unachezea wapi, Bwana Muthama?"

"Hapa kwa kiti, Madam. Hatua nne. Mtoto ndiye anasogea."

"Washa tuone."

Muthama alishtuka. "Kwa nyumba ya matanga? Shemeji yangu anazikwa kesho! Watu watasema nini?"

"Watasema polisi walikulazimisha. Washa."

Muthoki alikuwa ameketi pembeni, leso kichwani, akifuma kitambaa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti laini, na tangu waingie hakuwa amesema lolote zaidi ya "karibuni". Mumewe alipounganisha nyaya, sindano yake ya kufumia ilisimama.

Hared alijaribu kwanza. Konstebo huyu alikuwa na kikombe cha kulenga shabaha kutoka chuo cha polisi, lakini ndege wanane kati ya kumi walimpita wakamzomea, kwe-kwe-kwe-kwe, mpaka masikio yakamwiva. Kisha Muthama. Aliketi, akanyosha mkono, akafumba jicho moja, akapiga. Wanne walianguka. Sita walimzomea kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya ua.

"Jumamosi ulicheza hivi hivi?" Kalunde aliuliza.

"Hivi hivi, Madam. Mimi si hodari. Ni ya kupitisha wakati tu."

"Endelea. Usisimame mpaka nirudi."

Alivuka ua peke yake. Jikoni, Mama Mbinya alikuwa ameacha kuchambua, mikono imelala kwenye mapaja, akisikiliza. Kutoka sebuleni milio iliendelea, pa, pa, kwe-kwe-kwe, pa, kwe-kwe-kwe.

"Unasikia, mwaitu?"

"Nasikia. Ndivyo hucheza huyo. Kila siku inamzomea."

"Na Jumamosi?"

Mama alifungua kinywa kujibu. Kinywa kikabaki wazi. Kalunde alimwona akirudi nyuma kwa mawazo, akiisikiliza upya alasiri nzima, na alitamani, kusema kweli, asingemuuliza. Mahindi yalimwagika kutoka mapajani mwa mama, na hakuyaokota.

"Jumamosi," mama alisema, "haikuzomea."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Masaa mawili."

"Na siku za katikati ya wiki, mkwe wako akiwa Kiboko, hiyo mashine huchezwa?"

  Mama aliangalia sakafu, akaangalia mlango, kisha akamwangalia Kalunde usoni.

"Nikisema, Mulei atatoka?"

"Siwezi kukununua kwa ahadi, mwaitu. Sema ulichosikia, basi."

Mama Mbinya aliinuka. Alijifunga leso kiunoni kwa nguvu, akamsukuma Kalunde kando, akatoka uani. Kalunde alidhani anakwenda kulia nje. Lakini mwanamke yule alivuka ua wote, hatua ishirini, hakukohoa, hakubisha hodi, akaingia mlango wa sebule ambao hakuwahi kuukanyaga tangu bintiye aolewe.

Muthama aliruka kutoka kitini kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Alifunika uso kwa mikono yote miwili akageukia ukuta. "Mwaitu! Mwaitu, hapana! Toka!" Bunduki ilianguka ikaning'inia kwa waya wake. Hared, ambaye saa chache kabla hakujua nthoni ni nini, alirudi nyuma hadi kwenye kabati, na Kalunde aliyeijua tangu utotoni alibaki kizingitini. Kama mama huyu angeingia uchi wasingeshtuka zaidi.

Mama hakumtazama mkwewe hata kidogo. Alimtazama bintiye.

"Muthoki. Chukua hiyo kitu upige."

"Mwaitu, mimi sijui hiyo mashine. Ni ya baba watoto."

"Piga nisikie."

Muthoki alimwangalia Kalunde, kisha mgongo wa mumewe. Alichukua bunduki. Mkono wake ulitetemeka. Alipiga akiwa mbali, kando ya kiti, na ndege wa kwanza akamzomea. Wa pili akamzomea. Wa tatu, wa nne, wote kumi walipita wakazomea, mmoja baada ya mwingine, na gemu ikaisha ikanyamaza.

"Umeona, mwaitu?" Muthoki alisema kwa ile sauti yake laini. "Nimekuambia sijui."

"Mwezi mzima niko hapo jikoni," mama alisema. "Jumatatu unapiga, Jumanne unapiga, mchana kutwa, na hakuna siku imekuzomea. Hata nikawa najua, ikinyamaza kuzomea ni wewe, ikizomea ni yeye. Kwa nini leo unakosa?"

 Muthoki alisimama na bunduki mkononi, akitazama kioo kilichokuwa kikisubiri mtu aanze upya. Kalunde alisogea taratibu akaushika ule mkono, akaupeleka mbele mpaka mdomo wa bunduki ukagusa plastiki, mahali penye mikwaruzo ya duara.

"Ulikuwa unatetemeka Jumamosi pia," alisema. "Ukisimama mbali ungekosa, na ukikosa gemu ingekwisha, nyumba ingenyamaza. Ndiyo ukasogea mpaka hapa, kama ulivyozoea."

"Funga mdomo, Muthoki," Muthama alisema, uso bado ukutani.

Labda Muthoki angenyamaza. Sauti ya mumewe ndiyo iliyomfungua. "Aliniambia nisisimame," Muthoki alisema. "Aliniambia, usikie nini, usisikie nini, usisimame. Nikaisikia bastola ikilia kule stoo. Nikajua ni Nzioka. Nikaendelea kupiga."

"Uongo!" Muthama aligeuka hatimaye, akasahau kujifunika. "Huyu mwanamke ana wazimu! Hiyo bastola iko wapi basi? Wenzenu walitafuta nyumba hii siku mbili, kama za majirani wote!"

"Nyumba hii, ndiyo," Kalunde alisema. "Muthoki, bastola iko wapi?"

"Jikoni. Ndani ya debe la ndengu, chini kabisa. Yeye hawezi kuingia jikoni, mwaitu analala huko. Niliiweka mimi."

Muthama alijirusha kuelekea mlangoni. Hared alimpokea kifuani, wakaanguka pamoja juu ya meza, na meza ikavunjika. Pingu zilipofungwa, Hared alikuwa na damu mdomoni. Alijifuta kwa kiganja, akavuka ua mbio. Walimsikia akimwaga debe, ndengu zikitawanyika sakafuni. Aliporudi alikuwa ameishika bastola kwa leso, nyeusi, fupi, ina vumbi la nafaka.

Mama Mbinya aliitazama.

"Debe hilo ndilo ninalochotea," alisema. "Jana nimepika. Nimepikia waombolezaji ndengu za hapo." Akakaa sakafuni, pale pale katikati ya sebule ya mkwewe.

Muthoki alipiga magoti mbele yake. "Mwaitu..."

"Usiniite."

Gari la polisi lilikuja likawachukua wote wawili. Majirani walijaa uani, na habari ilizunguka Kathonzweni kabla ya gari kufika barabarani. Wengine walishika kichwa, wengine walikaa chini wakalia kama msiba mpya, maana ulikuwa msiba mpya. Watoto watatu mama huyu alizaa. Ijumaa ile, saa tisa, mmoja aliyebaki, Mulei, bado alikuwa seli.

Kalunde aliandika taarifa upya jikoni, yeye mwenyewe, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Hakuandika "niliona". Aliandika "nilisikia". Alimsomea mama yote kwa Kikamba, kutoka juu hadi chini.

"Nimeandika sawasawa, mwaitu?"

"Umeandika."

"Basi weka kidole hapa. Hared anaendesha gari usiku huu kwenda kwa mkubwa. Jumatatu Mulei hatasomewa shtaka. Hilo sasa naweza kukuambia."

Mama alichovya kidole gumba kwenye wino, akakiweka chini ya karatasi, akakibonyeza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokiondoa alikipangusa kwenye leso, tena na tena, ingawa wino ulikuwa umekwisha kutoka.

"Mwiitu wakwa, nikuombe kitu kimoja."

"Omba, mwaitu."

"Mulei anampenda sana dada yake. Huyo dada ndiye alimbeba mgongoni akiwa mdogo. Akitoka, msimwambie ni mimi nilisema. Mwambieni ni mashine."

Kalunde alisema ndiyo. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye faili, akatoka uani akasimama peke yake kando ya ua wa minyaa. Hakuwa na moyo wa kumweleza kwamba siku ya kesi taarifa ile ingesomwa kwa sauti mbele ya jaji, jina lake likiwa mstari wa kwanza, na kwamba Mulei angekuwa ameketi benchi la mbele.